Mikono Nyuma, Mdogo Asome Kwanza

Siku ile mliyonikatia keki ya kuniaga kwenye chumba cha chai, Njeri alinishika mkono akaniambia nisiondoke na mambo yote kichwani, niyaandike. Nimekaa nyumbani Woodbridge, hapa Virginia, mwezi mzima sasa. Nimepanga vyombo vya jikoni mara mbili na mume wangu ameanza kunikwepa, kwa hiyo naona afadhali niandike. Vyeo na mishahara mtaniwia radhi, hayo mnayajua wenyewe. Nataka kuwaeleza tulivyoipata ile desturi yetu inayowachekesha wageni wakitutembelea kazini Sterling: mtu mzima amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, anamsubiri mdogo wake amwambie "Vuta."

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati kampuni nyingi za mtandao zimeanguka na kila mtu ananiambia kompyuta zimekwisha. Mchana nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, jioni nasoma kozi ya kompyuta pamoja na watoto wa rika la binti yangu. Kabla ya Marekani nilikuwa opereta wa simu Tanga, miaka kumi na moja mbele ya ubao wa matundu, nachomeka waya huku, nachomoa kule. Siku ya usaili meneja wetu, Ray, aliniuliza kama nimewahi kushika kebo. Nilimjibu kwamba nimeunganisha watu wengi kuliko yeye, na wengine walikuwa wanagombana. Sijui kama alielewa, lakini Jumatatu iliyofuata nikaanza kazi.

Jengo halikuwa na dirisha hata moja. Nilidhani nimekosea, nimefika ghala la nyama. Ndani kulikuwa na safu za makabati ya chuma, kila kabati limejaa seva, zile kompyuta bapa zisizo na kioo zinazohifadhi kurasa na barua za watu wasiojua kama Sterling ipo duniani. Mbele ya makabati upepo wa baridi, nyuma yake upepo wa joto, na kelele za feni hazinyamazi. Nilijifunika kanga mabegani. Ray akaja mbio kwa hofu ya ncha za kanga na zile feni, akavua koti lake akanipa. Haya makoti mnayoyakuta yametundikwa mlangoni yalianza siku hiyo, na sijawahi kusikia mtu akinishukuru.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mhina. Wengi wenu hamkumkuta, kwa hiyo niwaeleze. Alikuwa mtu wa Korogwe, mwembamba, shati limenyooka kila siku, amenizidi miaka kumi na mbili. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu nyumbani kabla hajaja huku, na hapo Sterling ndiye aliyekuwa wa kwanza katika sisi. Watu sita wa kwetu tuliingia kazini kwa mkono wake, pamoja na Njeri wa Nyeri na Papa Kasongo wa Lubumbashi. Kila asubuhi tulimpa shikamoo mlangoni, na naye akaitikia marahaba kwa sauti ya kuamuru. Mlinzi wetu Mmarekani alidhani hilo ndilo neno la siri la kufungulia mlango. Akaanza kumwamkia naye pia, na Mzee hakumsahihisha.

Mzee alikuwa na mkoba wa ngozi. Ndani mna bisibisi tatu, tochi ndogo, kisu kisicho na ncha, na mikanda ya kitambaa ya kufungia kebo. Vile vibano vya plastiki vya kukaza alivichukia kwa dhati. Alisema anayekaza kebo kwa plastiki hana mpango wa kuifungua, na asiye na mpango wa kuifungua hajui kazi hii. Alinifundisha kuifuata kebo kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuamini kibandiko, maana kibandiko kimeandikwa na mtu, na huyo mtu huenda alikuwa na njaa. Alinifundisha pia kwamba ukiisikia seva imenyamaza ghafla, usikimbie. Simama kwanza, useme kwa sauti jambo la mwisho ulilolifanya.

Jumamosi sisi watu wa kwetu tulikutana Lanham, upande wa Maryland, kwenye ukumbi ambao leo una harusi, kesho una mkutano. Huko Mzee alikuwa daktari wa kila kitu chenye waya. Watu walikuja na kompyuta zao kwenye mifuko na kwapani. Mwenye virusi, mwenye kutaka kumwona mama yake wa Mombasa kwenye kioo, mwenye kuuliza kama simu za mtandao zitaziua kadi za kupigia simu. Walibishana mpaka pilau linapoa: mmoja anasema kazi zote za kompyuta zinahamia Bangalore, mwingine anasema anayejua seva hatalala njaa. Mzee akikohoa tu, ubishi unakwisha. Nawaambia haya ili mjue alikuwa nani kwetu, na kwa nini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba haoni.

Mimi niligundua hilo mwezi wa Ramadhani. Alikuwa anaishika karatasi mbali na uso, halafu karibu, halafu ananipa: "Zuhura, hebu nisomee, wino wa printa yao umefifia." Wino haukuwa na kasoro. Baada ya hapo nikaanza kumfichia. Nilichapa vibandiko kwa herufi kubwa nikisema ndivyo Ray anavyotaka. Kazi zenye namba ndogo nilizichukua mimi nikisingizia kwamba nataka kujifunza. Nilijiona mtu mwenye adabu sana. Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa najipongeza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulipewa kazi ya kuzima seva moja ya zamani katika kabati namba thelathini na sita, tuitoe, ikatupwe. Utaratibu ulisema watu wawili wahakiki namba, kisha wote wawili watie saini. Mimi nilikwisha kutia saini tukiwa bado mezani, kama tulivyozoea, maana Mzee hahakikiwi. Tukaenda watatu: Mzee mbele, mimi nyuma yake, Njeri anasukuma toroli. Njeri alikuwa na wiki mbili tu kazini.

Mzee alipita kabati la thelathini na sita. Akasimama mbele ya thelathini na nane, akafungua mlango.

Niliona. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Nilikohoa. Nikasema, "Mzee, tungepata chai kwanza?" Akasema, "Chai baada ya kazi." Nikasema, "Hili kabati linafanana na lile jingine." Akasema, "Yote yanafanana, ndiyo maana yana namba." Nikamtazama Njeri, Njeri akatazama toroli. Mzee akabonyeza kitufe, akashika nyaya mbili za umeme, akazivuta.

Kati ya feni zote zile, kunyamaza kwa seva moja husikika. Mzee alisimama palepale, akasema kwa sauti, kama alivyotufundisha: "Nimevuta nyaya mbili, kabati la thelathini na sita." Kabati lilikuwa la thelathini na nane.

Seva ile ilikuwa ya kampuni ndogo iliyopanga magari ya kuwapeleka wagonjwa wa figo kwenda kusafishwa damu. Anwani zote, saa zote, madereva wote walikuwa humo. Tuliirudishia umeme upesi, lakini ilikuwa mashine ya zamani, na kabla haijaamka ilikagua diski zake moja baada ya nyingine, bila haraka. Ray alikuwa ameiweka simu ya mteja kwenye spika. Mama mmoja wa kampuni ile alikuwa anazungumza, hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alisema ana wagonjwa kumi na wanne wamekaa vibarazani wamevaa makoti, wanangoja, na hajui amtume nani wapi. Alilirudia hilo la makoti mara mbili. Seva iliamka baada ya dakika arobaini, na wote walifika, ingawa walichelewa. Mimi nilikuwa sijui hilo nilipokuwa nimesimama pale.

Ray alimaliza na simu, akatugeukia. "Nani alivuta?"

"Mimi," Mzee akasema.

"Nani alihakiki?" Akaiinua karatasi, saini yangu ipo. "Zuhura, uliiona namba?"

Nikasema sikuiona.

Nilisema uongo huo kwa kumlinda Mzee, au ndivyo nilivyojiambia. Ray akasema kesho saa tatu ataandika ripoti kwa wakubwa, na mtu aliyemzimia mteja seva kwa uzembe kawaida yake hufukuzwa, akarudi nyumbani na sanduku la vitu vyake. Alilisema hilo akimtazama Mzee, na macho yake hayakuwa na furaha.

Tulikwenda chumba cha chai, sisi watatu. Hakuna aliyekunywa. Mzee akanigeukia, akaniuliza polepole, "Zuhura. Uliona?"

"Niliona, Mzee."

"Ukanyamaza."

"Nilikwambia chai."

"Uliniambia chai!" Aligonga meza, kijiko kikaruka. "Watu wana maradhi, wamekaa nje, wewe unaniambia chai! Kwa nini hukuniambia nimekosea?"

Nikakiokota kile kijiko. Halafu likanitoka, neno ambalo tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mkubwa wangu. "Kwa sababu huoni, Mzee. Macho yako hayaoni."

Akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati, shati lile lililonyooka. "Unajua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na wewe?" akamuuliza Njeri.

"Aki Mzee," Njeri akasema, machozi yanamlengalenga, "kila mtu anajua. Hata yule sekyuriti wa mlangoni. Lakini nani ata-dare kukuambia? Mimi nime-start juzi tu."

Mzee akairudisha miwani usoni. Kisha akauliza, "Ningepita hapa na zipu wazi, mngeninyamazia hivyohivyo?"

Tukatazamana. "Tungenyamaza, Mzee," Njeri akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka vibaya, mabega yanatikisika, na mimi nikawa sijui kama anacheka au analia, nikalia mimi. Nilimpenda sana yule mzee, na nilikuwa nimemwacha atumbukie shimoni nikiwa nimesimama pembeni kwa adabu.

Kesho yake saa tatu tuliingia kwa Ray sote watatu. Nilimwambia niliona namba, na kwamba jana nilisema uongo. Nikajaribu kumweleza kwa nini sikumzuia Mzee. Kwa Kiingereza ilisikika upumbavu mtupu. Ray aliuliza mara tatu, kwa namna tatu, kama ni kweli niliona mashine ya mteja inakwenda kuzimwa nikanyamaza kwa sababu anayeizima ni mtu mzima. Mara tatu nikajibu ndiyo. Alijishika kichwa.

Hapo Mzee akasimama. Alisema kwanza kwamba macho yake yameharibika, alijua na akaficha, na kosa hilo ni lake peke yake. Halafu akasema jambo ambalo bado nalisikia. Alisema, "Hawa wamelelewa vizuri, hutaweza kuwalea upya kwa barua. Kumkatiza mkubwa hawawezi. Lakini mkubwa akiwaagiza, watatii. Basi mimi ninawaagiza. Kuanzia leo mdogo asome kwanza namba iliyo kwenye mashine, kwa sauti. Mkubwa aweke mikono nyuma, asome iliyo kwenye karatasi anayoshikiwa. Mkubwa asiguse kitu mpaka mdogo aseme vuta. Atakayeninyamazia, huyo ndiye aliyenivunjia heshima." Kisha akamgeukia Ray, akamwambia aandike hivyo kwenye ripoti, na chini yake aandike jina la Mhina kama la mkosaji, lakini kanuni aibakize.

Ray aliandika kwa muda. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo kwenye droo, na niliistahili. Mzee aliondolewa kwenye makabati mpaka apimwe macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, kitu ambacho daktari hukitoa jicho moja moja, mtu akarudi kwake mchana uleule. Miezi saba tulimfichia mtu ugonjwa wa kutibika kwa asubuhi mbili. Aliporudi kazini alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, akaniambia, "Kumbe Zuhura una mvi nyingi hivi, na wewe hakuna aliyekwambia?"

Kanuni haikuwa rahisi kama inavyoonekana kwenu leo. Njeri aliishika haraka, Papa Kasongo akaishika haraka zaidi, maana alipenda kuamuru: "Non, Maman, pas celle-là, si hiyo, iko ile ya juu!" Tabu ilikuwa kwa watoto wa pwani. Walisema, "Samahani sana mama, sijui kama ni mimi sioni vizuri, lakini kama hutojali..." na hapo mkono wangu umekwisha kufika kwenye waya. Ndipo nilipoanza mtindo wangu ambao baadhi yenu hamjanisamehe. Nilikuwa nakwenda kwenye kabati lisilohusika kwa makusudi, na waya wa bandia mfukoni wa kuuvuta badala ya ule wa kweli, kuona kama mtanizuia. Aliyenyamaza nilimpa ufagio. Njeri alisema mathe huyu ni mnoma, yaani mama mkali. Nikachukua kama sifa.

Lile neno "Vuta" likaenea. Wamarekani wa zamu ya mchana walichoka kutusubiri wakaanza kulitumia. Ray, mtu wa milima ya Virginia, akaja akawa anasema "Vuta" kama mzaliwa wa Muheza, ila hata pale asipotaka mtu avute kitu, na ilibidi tumkataze.

Miaka ikaenda. Seva zikawa nyembamba, moja ikafanya kazi ya kumi, na pale ukumbini Lanham hofu ikarudi: sasa kuna wingu la mtandao, kila kitu kinahamia kwenye wingu, hamtakuwa na kazi. Watoto wetu ndio waliotuletea habari hiyo, wakitujibu kwa Kiingereza tulipowauliza kwa Kiswahili. Nilimwambia binti yangu kwamba wingu hilo nalijua, lina bolti na feni, na jana nimelipangusa vumbi. Akacheka, lakini wiki iliyofuata aliniomba niende naye kazini akalione. Alisimama kwenye ile baridi na koti la mlangoni, akaniuliza maswali saa nzima. Nusu ya maswali yake aliuliza kwa Kiswahili. Siku hiyo nilirudi nyumbani mwepesi.

Mzee Mhina alistaafu kabla yangu. Yupo Lanham kwa mwanawe, anasoma gazeti bila miwani na anahakikisha kila mgeni ameona hivyo. Mkoba wa ngozi aliniachia mimi.

Sasa nifike kwenye wiki yangu ya mwisho, maana hili wengi hamlijui. Tulikuwa wawili tu, mimi na Salma. Salma mnamjua, binti wa Pemba mwenye sauti ya chini, ambaye miezi minne alizungumza nami akiwa ametazama viatu vyangu. Nilimpa ufagio mara tatu. Nilikuwa nimekata tamaa naye kidogo, nikimwona mimi mwenyewe wa zamani, na nilikuwa naogopa kumwacha.

Tulikuwa na waya mmoja wa kutoa, kabati la kumi na nne. Kichwani mwangu nilikuwa naaga. Naangalia kila kona, nakumbuka ile siku ya koti. Nilifungua mlango wa kabati bila kusoma karatasi, nikapeleka mkono. Haukuwa mtihani. Waya wa bandia niliuacha mezani.

"Shikamoo mama!"

Niliruka. Asubuhi ile alikwisha kuniamkia. Nikageuka, nikamwona Salma amesimama, na kwa mara ya kwanza ananitazama usoni.

"Shikamoo mama, lakini hapana. Hili kumi na tano. Toa mkono."

Nikauliza, "Unadhani nakupima?"

"Sidhani," akasema. "Naona umekosea."

Nikatoa mkono. Nikaweka mikono yote miwili nyuma, nikasogea hatua moja mpaka kabati la kumi na nne. 

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Soma."

Akasoma namba, kwa sauti, moja moja. Nikasoma na mimi ya kwenye karatasi aliyonishikia. Zikalingana.

"Vuta," Salma akasema, nami nikavuta.

Mkoba wa Mzee upo kwenye kabati la vitu vya Salma tangu Ijumaa ile niliyowaaga. Bisibisi ni tatu, msizipoteze.